Mbegu Ndani ya Kibuyu

Kambini, kusini
4 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nauweka mkono wako kwenye paji la uso wangu, kama ambavyo ningefanya mlangoni. Hujambo? Goti linasemaje, bado linatabiri mvua kuliko redio? Mimi mzima, ila ruba wa huku wananipenda kuliko msichana yeyote wa kwetu Abra.

Sina habari kubwa, nina swali. Wametuletea helmeti mpya. Si zile nzito za chuma za zamani. Hizi ni za nyuzi zilizobanwa tabaka juu ya tabaka, ndani zina vimito, na chini mkanda wa kufunga kidevuni. Ukiigonga kwa kidole inalia ko-ko kama mlango wa mbao. Luteni amesema tukiwa kwenye lori ni lazima. Lakini doria ya miguu, huko msituni, kila mtu achague: helmeti au kofia yake ya kitambaa. Nadhani amesema hivyo kwa sababu mwenyewe hajaamua.

Basi kikosi kimegawanyika kama siku ya uchaguzi. Rogel ndiye mkuu wa upande wa kofia laini. Unamkumbuka, yule rafiki yangu wa kisiwa cha Leyte niliyekueleza, anayetembea mbele yetu kusikiliza njia. Jana nilipoijaribu helmeti akaniita mbele ya watu wote: "Dionel, rudisha hiyo sufuria jikoni, watu hatujapika bado!"

Mama, wewe umefundisha sayansi mpaka ukastaafu, na Baba, Mungu amrehemu, alitengeneza kofia maisha yake yote. Nani mwingine nimuulize? Niambie nivae ipi.

Mwanao,
Dionel

*

Nyumbani, Abra
15 Juni

Mwanangu Dionel,

Marahaba, na paji lako nimeligusa. Mimi sijambo. Goti linauma upande wa mashariki, kwa hiyo kimbunga kinakuja. Mimumunye ya Baba yako, ile ya vibuyu, imepanda mpaka juu ya kichanja, mwaka huu itazaa sana, na hakuna wa kuikata.

Swali lako limenifurahisha. Nililisoma asubuhi, na kufika saa ya chakula nilikuwa nimeshatoa mapapai mawili mabichi.

Tuanze na kazi ya helmeti. Kipande cha bomu kina nguvu nyingi iliyokusanyika mahali padogo, ndiyo maana kinachoma. Helmeti haishindani nacho kwa ugumu tu. Inaichukua ile nguvu na kuitandaza, kama tunavyoutandaza mpunga barabarani ukauke, ili pasiwe na mahali pamoja panapobeba mzigo wote. Kila tabaka la nyuzi linavuta kidogo, linalofuata linavuta kidogo, mpaka kipande kinachoka. Kitambaa hakitandazi kitu. Kinakukinga na jua na matone, basi.

Sasa la pili, ambalo Baba yako alilijua bila kulisomea. Kumbuka ndani ya kila kofia yake ya kibuyu alisuka utepe wa henzerani, ili gamba lisiguse kichwa. Wateja walidhani ni kwa ajili ya upepo. Upepo ulikuwa faida ya ziada. Ile nafasi ndiyo inayookoa, kwa sababu gamba likibonyea halikukuti hapo hapo. Vile vimito vya helmeti yako ni henzerani ya Baba yako kwa sura nyingine.

Ili nisikuandikie maneno matupu, niliweka papai moja chini ya kofia ya Baba yako na la pili chini ya kofia yako ya shule, nikapanda juu ya ngazi, nikayaangushia jiwe. Jirani yetu Sabel akachungulia kutoka kwake. "Mwalimu! Pensheni imechelewa mpaka unayapiga mapapai mawe?" Nikamwambia, "Huu ni utafiti." Akasema, "Utafiti ukipasuka niletee, nina siki." Papai la kofia ya shule lilipasuka. La kofia ya Baba yako lilichubuka tu. Sabel amekula lililopasuka.

Lakini sitakuficha, kwa kuwa sikuwahi kumficha mwanafunzi upande wa pili wa jambo. Baba yako alijuaje kibuyu kimekauka? Alikitikisa sikioni. Akisikia mbegu zinacheza, alijua tayari. Gamba ni zima, halina ufa hata mmoja, ila ndani mbegu zimeachia mahali pake. Bomu kubwa lina mshindo unaopita kwenye kila kitu, na ubongo umo ndani ya fuvu kama vile mbegu zile. Kwa hilo helmeti haina jibu kamili, na nadhani hata walioitengeneza hawadai kuwa nalo. Hata hivyo, kati ya gamba zima na gamba lililopasuka, najua nataka nirudishiwe lipi.

Ivae. Msituni pia. Niahidi kwa maandishi.

Mama yako

*

Kambini, kusini
2 Julai

Mama mpendwa,

Shikamoo, paji langu hilo hapo, limejaa jasho kwa sababu yako. Natumaini kimbunga kimepita na paa lipo.

Niliwasomea wenzangu barua yako. Walipofika kwenye papai walicheka mpaka Luteni akatoka hemani. Lakini Rogel hakucheka mwishoni. Aliniambia nikuandikie hoja zake, neno kwa neno.

"Muulize Mama Mwalimu: mvua ikinyesha juu ya ile sufuria, Dionel anasikia nini?"

Nikamjibu mimi. "Nasikia mvua."

"Basi. Na mtu anayetembea ndani ya mvua je? Papai lake lilikuwa na masikio?"

Hapo ana haki, Mama. Helmeti inafunika nusu ya sikio, na msituni sikio ndilo jicho. Juzi tulikuwa kwenye kijito, Rogel akainua mkono, sote tukasimama. Alikuwa amesikia mtu akikohoa ng'ambo. Sisi wa helmeti hatukusikia kitu. Tungeendelea hatua chache tu tungekutana na adui uso kwa uso.

Pia uzito. Ni kama kubeba jogoo kichwani tangu alfajiri, na jogoo mwenyewe hataki kutulia. Shingo inauma, jasho linaingia machoni. Ukilala chini kifudifudi, ukosi wa fulana ngumu ya kuzuia risasi unaisukuma mbele, huoni. Na Rogel anasema msituni hakuna kitu cha duara ila nazi na kichwa cha askari, na minazi huku hakuna. Kofia ya kitambaa inajikunja kama jani, mtu akikuangalia kwa mbali haoni kichwa.

Kwa hiyo nimebaki katikati. Lakini wewe ndiye uliyeniomba. Mimi, Dionel Balneg, naahidi kuvaa helmeti kwenye kila doria, mkanda ukiwa umefungwa. Nimetia sahihi. Rogel ameshuhudia huku akipiga sufuria ya kweli kwa kijiko.

Mwanao,
Dionel

*

Nyumbani, Abra
12 Julai

Mwanangu Dionel,

Marahaba. Paa lipo, jiko la nje halipo. Sijambo.

Ahadi yako nimeiweka chini ya sanamu ya Bikira. Asante. Nimekutumia samaki wakavu, karanga za kitunguu saumu na siki ya muwa. Gawa.

Yanayofuata msomee Rogel.

Rogel, mwanangu, hoja yako ya sikio ni ya kweli na sikuifikiria. Papai halikuwa na masikio, nakubali. Umewahi kuwaokoa kwa kusikia, na hilo helmeti haiwezi. Lakini nisikilize na wewe. Sikio linakusaidia kwa kitu kinachotoa sauti. Kitu kilichofukiwa ardhini hakikohoi. Dionel ameniambia ulilelewa na bibi yako na kwamba hayupo tena. Basi hakuna wa kukusumbua, ndiyo maana nakusumbua mimi. Kichwa chako nacho ni cha mtu. Kivalishe.

Mama yako, na wa Rogel akitaka

*

Kambini, kusini
25 Julai

Mama mpendwa,

Shikamoo, paji langu hilo. Naandika haraka, helikopta ya barua inaondoka.

Rogel aliisoma barua yako mwenyewe, akaikunja, akaitia ndani ya kofia yake ya kitambaa. Hakutania siku nzima. Jioni akasema atavaa helmeti mvua zikiisha, kwa kuwa mvua ndiyo inayomnyang'anya masikio. "Mwambie Mama Mwalimu mwezi wa Desemba nitakuja Abra, nitaivaa mezani kwake, nile nayo."

Samaki wameisha. Wote wanakusalimu.

Mwanao,
Dionel

*

Nyumbani, Abra
9 Agosti

Mwanangu,

Sijui kama unaweza kusoma. Kama huwezi, namwomba muuguzi akusomee polepole.

Jana mwenyekiti wa kijiji alikuja kwangu. Aliiacha pikipiki barabarani akapanda kwa miguu, nikajua. Kasema Luteni amepiga simu, kuna bomu lililipuka njiani, uko hai, umepelekwa hospitali ya jeshi Manila. Nilimwomba alirudie neno "hai". Akalirudia. Sabel alikuwa amenishika kiuno.

Daraja limevunjwa na kimbunga, mabasi hayapiti mpaka walijenge upya. Nitakuja siku ile ile litakapofunguliwa.

Kuna jambo moja nataka kujua, nalo usinicheke. Walipokubeba kukutoa pale, kuna mtu aliyekuita? Ulipokuwa mdogo ukianguka, nilikuwa napiga ardhi mahali ulipoanguka na kuita, "Dionel, twende, usibaki," ili roho yako isikae pale peke yake. Najua wewe umekulia kwenye darasa langu la sayansi. Lakini hata kwenye basi la kwenda shule nilikuwa nakuita, na hukuwahi kukataa kuitika. Mwombe Rogel. Mwambie apige kofia yake chini pale pale aite jina lako. Atacheka, lakini atafanya.

Mama yako

*

Hospitali, Manila
30 Agosti

Mama mpendwa,

Shikamoo. Paji lina bandeji, weka mkono pembeni kidogo. Nisamehe mwandiko, mistari inapanda yenyewe.

Daktari ameniletea helmeti yangu nione. Upande wa kushoto kuna kipande cha chuma kimenasa ndani ya tabaka. Hakikupita. Ungefurahi kuiona, ni kama ulivyoeleza, nyuzi zimefumuka zikakishika kama kiganja. Kasema bila hiyo nisingekuwa naandika.

Rogel alikuwa mbele yangu. Nadhani alisikia waya wa bomu, kwa sababu aligeuka akafungua mdomo. Sijui alitaka kusema nini. Kipande kilichompata kilikuwa kidogo kuliko punje ya mchele, hapo juu ya sikio. Mama, amekufa. Amezikwa Leyte na mimi nikiwa nimelala.

Kofia yake wamenipa mimi. Barua yako imo ndani. Tundu lake ni dogo kama la nondo wa kula nguo, ungeweza kulitia kiraka.

Uliuliza kama kuna mtu aliyeniita. Nadhani hapana. Kulikuwa na kelele za helikopta.

Sina maumivu makubwa. Kichwa kinalia tu nikigeuka.

Mwanao,
Dionel

*

Nyumbani, Abra
18 Septemba

Mwanangu Dionel,

Nimerudi nyumbani salama. Basi lilipita daraja jipya polepole kama mtu anayetembea na yai.

Nilifurahi kukukuta umekaa kitandani, umenyolewa ndevu. Uliniuliza kama nimekula, nikakuambia ndiyo. Baadaye ukaniuliza tena. Na nilipokuwa naaga ukaniuliza. Ndani ya basi nilijiambia ni adabu hiyo, nimekulea vizuri.

Daktari ameniomba tuendelee kuandikiana. Anasema ukiandika, akili inapita njia zake za zamani na kuzifyeka upya. Kwa hiyo uniandikie hata kama ni habari ya uji.

Kwa ajili ya Rogel nimefanya hivi. Nilichoma mabua ya mpunga, nikaloweka majivu, nikateremka mtoni na Sabel. Akanimwagia maji yale kichwani, na pombe ya muwa kidogo, kama tunavyowaosha wafiwa baada ya mazishi ili huzuni isiote mizizi kwenye nywele. Sabel aliniuliza, "Huyu alikuwa nani yako?" Nikamwambia tulibishana, nami nikampenda. Kichwa chako pia hakijaoshwa. Utakaporudi nitakuosha mwenyewe.

Usijiulize kwa nini wewe na si yeye. Nimekaa na swali hilo kwa niaba yako, kwa akili yangu yote ya darasani, na sikupata hesabu yake. Alivaa kitambaa kwa sababu alitaka kuwasikilizia ninyi. Hakuwa mjinga.

Mama yako

*

Hospitali, Manila
3 Oktoba

Mama mpendwa,

Shikamoo! Nauweka mkono wako kwenye paji langu. Hujambo? Goti? Mimi naendelea vizuri sana, leo nimetembea mpaka dirishani na kurudi. Uji wa hapa unafaa kubandikia matangazo.

Rogel kaninyamazia. Nimemwandikia kambini mara mbili, hajibu, mwenye kiburi yule. Labda ana hasira kwamba nilikusikiliza wewe nikavaa helmeti. Ukiwa na nafasi mwandikie, wewe anakuogopa.

Msalimie Baba. Mwambie asikae juani na vibuyu vyake mchana kutwa, kikohozi kile hakitapona hivyo.

Mwanao,
Dionel

*

Nyumbani, Abra
11 Oktoba

Mwanangu Dionel,

Paji lako nimeligusa. Goti halijambo.

Barua yako niliisoma nimesimama jikoni mpaka wali ukaungua. Kisha nikaketi, kwa sababu kitu hiki kinahitaji mtu aliyeketi. Keti na wewe.

Nitakueleza polepole, na ukisahau utaniuliza tena. Nimefundisha miaka mingi na sikuwahi kumgombeza mtoto kwa kuuliza mara ya pili, wala ya kumi.

Baba yako alifariki miaka miwili iliyopita, kwa kikohozi kile. Ulipata ruhusa ukaja. Ulibeba jeneza upande wa kushoto, mbele, na uliteleza pale penye ngazi lakini hukuangusha. Rogel naye ametutoka, mwezi wa Agosti, katika mlipuko ule ule uliokujeruhi. Hana kiburi wala hasira. Angeweza kukujibu, angekujibu, na angekutania.

Unakumbuka kibuyu cha Baba yako? Gamba lako ni zima, mwanangu. Helmeti ilifanya kazi niliyokuambia itafanya, na ninaishukuru kila asubuhi. Ila mshindo uliingia ndani na mbegu chache zimeachia. Si kosa lako, wala si uvivu. Daktari anasema baadhi zitarudi mahali pake. Nilimuuliza ngapi. Ni mtu mwaminifu, kwa hiyo hakunijibu.

Mama yako

*

Hospitali, Manila
20 Oktoba

Mama,

Leo nimesikia kwamba Rogel amekufa. Muuguzi anasema nilikuwa najua. Sikujua. Nimelia mbele ya wagonjwa wote kama mtoto.

Wewe ulijua? Kama ulijua, kwa nini hukuniambia?

Kofia yake nimeikuta chini ya mto wangu. Sijui nani ameiweka.

Dionel

*

Nyumbani, Abra
2 Novemba

Mwanangu,

Nisamehe. Habari kama ile ulipaswa kuisikia kutoka kwa mama yako, si kwa mtu mwingine. Una haki ya kukasirika.

Jana huku kwetu ilikuwa siku ya marehemu. Niliandaa wali wa kunata wa nazi, yai, tumbaku na kikombe cha pombe ya muwa, nikaweka sahani mbili mezani. Sabel akauliza ya pili ni ya nani. "Ya Rogel," nikamwambia. "Alisema atakuja kula hapa." Sabel akaenda kwake akarudi na karanga, akaziongeza.

Nilikaa nao mpaka mishumaa ikaisha. Nimewaombea wote wawili, na wewe nikakuombea kwa muda mrefu zaidi, kwa sababu wao najua waliko.

Mama yako

*

Kambini, kusini
4 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Nauweka mkono wako kwenye paji la uso wangu, kama ambavyo ningefanya mlangoni. Hujambo? Goti linasemaje? Mimi mzima, ila ruba wa huku wananipenda.

Nina swali. Wametuletea helmeti mpya. Hizi ni za nyuzi, tabaka juu ya tabaka. Ukiigonga inalia ko-ko. Luteni amesema msituni kila mtu achague. Rogel ameniambia rudisha hiyo sufuria jikoni, watu hatujapika bado. Mama, ungemsikia, kila mtu alicheka.

Wewe umefundisha sayansi, na Baba anatengeneza kofia. Nani mwingine nimuulize? Niambie nivae ipi.

Mwanao,
Dionel

*

Nyumbani, Abra
29 Novemba

Mwanangu Dionel,

Marahaba, na paji lako nimeligusa. Sijambo. Goti linasema kiangazi kimefika.

Barua yako nimeipokea leo, bahasha ina muhuri wa hospitali. Maisha yangu yote nimesahihisha tarehe za watoto kwa kalamu nyekundu. Yako nimeiacha ilivyo. Niliisoma mara mbili, na pale kwenye sufuria nikacheka tena, kwa sauti, mpaka Sabel akauliza kuna nini. Nikamwambia Rogel ametania.

Swali lako ni zuri. Uliponiuliza mara ya kwanza, nilipokuwa na nguvu zaidi, nilikwenda kuchukua mapapai na ngazi. Leo nitakujibu kwa ufupi, kwa kuwa nimekuwa na miezi mingi ya kulifikiria jibu.

Ivue.

Vua helmeti, mwanangu, fungua mkanda, ipumzishe shingo. Imefanya kazi yake, hakuna anayeidai zaidi. Doria imekwisha na Luteni amekuruhusu. Mwambie Rogel kwamba Mama Mwalimu amekubali: kwa safari hii kofia laini inatosha. Acha acheke, ana haki.

Daktari amesema Alhamisi unaweza kuja nyumbani. Hakusema umepona. Alisema nyumbani patakufaa kuliko pale, na mimi sikumuuliza mengine. Nitakuwa kwenye basi la asubuhi. Kofia ya Rogel usiiache chini ya mto, ivae. Nimechukua sindano na uzi wa kijani kwa ajili ya lile tundu, nitalishona njiani kama utanishikia. Nami nakuletea kofia ya kibuyu ya mwisho aliyoikata Baba yako. Aliiacha haina henzerani ndani. Nimeisuka mwenyewe majuzi. Imekwenda upande, Baba yako angeifumua yote, lakini gamba haligusi kichwa. Hiyo itakuwa ya kuvalia juani, kwenye kichanja, wakati nakuonyesha mimumunye. Imezaa kuliko mwaka wowote. Tutavikata vibuyu pamoja, na utavitikisa wewe, kwa sababu masikio yangu yamechoka. Kabla ya hayo nitakuosha kichwa mtoni.

Sasa sikiliza jambo moja, hata kama ukifika mwisho wa barua hii utakuwa umelisahau. Tutakapotoka kwenye lango la hospitali nitageuka nyuma na kuita jina lako kwa sauti kubwa. Askari wa langoni watatuangalia, waangalie tu. Nitaita tena basi litakaposimama njiani watu wanunue mahindi, na nitaita darajani. Kule kusini sitaweza kufika, wala sijui ni njia gani, kwa hiyo nitaita nikiwa nimeelekea huko, na nitaendelea kuita nikiwa nyumbani, asubuhi, nikiwa naanika mpunga. Dionel, twende. Dionel, usibaki.

Popote utakapolisikia, usijiulize anayeita ni nani. Itika tu.

Mama yako